Siti ya Mama Mkwe

Kila anayekuja kwenye karakana yangu hapa Bariadi ananiuliza bampa liko wapi. Wanalizunguka gari, wanainama, wanagusa pale mbele palipobaki na makovu ya kukatwa, halafu wanasikitika kama waliofiwa. Fundi, lile bampa lilikuwa kali, umeliuza? Nawajibu sijaliuza. Wakizidi kuniuliza nawasha grinda, maana grinda ikilia hakuna anayemsikia mwenzake.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda, majembe ya ng'ombe yaliyovunjika, mikokoteni iliyopinda ekseli, yote yamepita mikononi mwangu. Nikishika chuma najua kitakubali wapi na kitakataa wapi. Nasema hivyo si kwa kujisifu. Nilijisifu vya kutosha zamani, na utaona kilichonipata.

Kwa wakwe zangu ni huko ng'ambo ya Dutwa, ndani kabisa, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unafika bila shida, labda uchoke vumbi. Mvua zikianza, sahau. Ule udongo unashika tairi, unapanda juu, unajaza matope mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Pikipiki unaibeba wewe, haikubebi. Basi linaishia Dutwa na wewe unavua viatu. Mwaka mmoja nilipokwama na baiskeli begani nikaapa kwamba nitaunda gari langu mwenyewe, gari la kupita palipomshinda kila mtu.

Watu walinicheka. Waliniuliza kama nimeacha mageti nimekuwa kiwanda. Nilipata pikapu mbovu iliyokuwa imelala kwenye majani nyuma ya gereji moja, nikaikata fremu katikati nikaifupisha kwa kiasi cha mkono mmoja. Mahali pa kuunga sikuweka mshono wa moja kwa moja kama wanavyofanya wavivu, kwa sababu mshono wa hivyo ukitikiswa sana unapasuka. Niliupigia vibati vinene vilivyokatwa kwa pembe, pande zote mbili. Difu za mbele na nyuma nilizitoa kwenye gari jingine lililokwisha. Springi zilikuwa za lori. Matairi yalikuwa marefu, yanafika kifuani kwa mtoto wa shule. Gia boksi ilibidi ikae nyuma kuliko ilivyozoea, kwa hiyo fimbo ya gia niliirefusha na kuipinda mara mbili, na matokeo yake gia zikahama makazi. Namba mbili ilikuwa pale unapodhani ni rivasi. Hakuna mtu aliyeweza kuliendesha lile gari isipokuwa mimi, na jambo hilo nalo lilinifurahisha, nisidanganye.

Mbele nilifanya siti moja ndefu ya watu wawili, ya bomba za mraba na mbao. Nilipofika hapo mke wangu akaniuliza mama yake atakaa wapi.

Hapa inabidi nieleze, maana wageni wakisikia wanacheka. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mimi mkwilima, yaani mume wa binti yake, sili naye sahani moja, simtazami usoni, simtaji jina. Nikikutana naye njiani, mmoja wetu anaingia majanini. Nikienda kwake asubuhi nasema mwangaluka nikiwa nje ya ukuta, naye anaitikia akiwa ndani, tunaulizana habari za ng'ombe na za mvua, basi. Vijana wa siku hizi wengi hawayafuati haya, wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana. Sisi tulifuata. Miaka yote ya ndoa yangu sijui rangi ya macho ya yule mama, lakini sauti yake nikiisikia hata sokoni naitambua. Na alinipenda. Kila mavuno alinitumia mchele wa peke yangu, umefungwa kwenye kitambaa chake.

Mke wangu ni fundi cherehani. Siku ile alikuja karakana na chaki yake ya kukatia nguo, akachora chini kwenye sakafu siti anayoitaka. Benchi la nyuma, limepakana na ukuta wa bati unaotenganisha mbele na nyuma. Mlango wake wenyewe, unaofungukia nyuma kabisa, ili mama apande na kushuka bila kunipita. Ngazi fupi, kwa sababu ya magoti. Akaniambia mama yake hajawahi kuja kuona nyumba yetu wakati wa mvua hata mara moja, na sasa anazeeka.

Nikaifanya. Tena niliifanya vizuri. Nilipima, nikakata, nikachomelea, nikapiga faili kila kona isije ikamchana. Mke wangu akakaa juu yake, akaegemea, akasema inatosha hata mtu kunyoosha miguu. Jioni ile ile akampigia simu mama yake. Nilimsikia akimweleza kila kitu, mlango, ngazi, ukuta, na yule mama upande wa pili akicheka. Alisema bati ni gumu, atashona mto. Pamba anayo ya kwake.

Ulipofika msimu wa pamba, wafanyabiashara wakaliona gari langu. Kulikuwa na vijiji ambavyo lori haliingii, mimi nikaingia. Nikawa natajwa kuanzia Dutwa mpaka Maswa. Kichwa kikavimba. Mabunda ya pamba ni makubwa na hayana uzito, shida yake ni nafasi tu, na kila nikipakia nilikuwa naitazama ile siti ya nyuma naona inanilia nafasi. Siku moja mchana, mke wangu akiwa sokoni, nikashika grinda nikaikata. Siti, ukuta, mlango, ngazi, vyote. Mbavu za pembeni, zile za kuzuia mzigo usianguke, nazo nikazikata ili mabunda yaweze kutokeza nje. Nyuma pakabaki sakafu tupu ya bati nene la vidoti. Kazi ya asubuhi nzima ilichukua dakika chache kuondoka.

Mabomba yalikuwa mazuri, sikutaka kuyatupa. Nikayafanya bampa. Niliyapinda, nikayapanga matatu matatu, nikachomelea ndoano mbili nene mbele kama gari la jeshi, nikalipiga rangi nyeusi. Wallahi lilipendeza. Watu walisimamisha baiskeli kulitazama. Hizo ndoano hazikuwa na kazi yoyote, kwa sababu gari lenyewe halikuwahi kukwama. Niliziweka kwa urembo.

Mke wangu aliporudi alilizunguka gari mara moja. Hakulisifu bampa. Aliniuliza siti iko wapi, nikamwambia nitafanya nyingine msimu ukiisha. Akasema mama ameshaambiwa. Nikamjibu kwa ukali kwamba basi amwambie asubiri, kwani anaenda wapi? Hilo jibu nalikumbuka neno kwa neno, na natamani ningekuwa bubu siku ile.

Msimu ukaisha, sikufanya. Ikaja kazi ya mageti ya shule, ikaja kazi ya madawati, mvua za vuli zikanyesha zikapita. Mke wangu hakuuliza tena. Na mimi nikachukulia kwamba amesahau, kama tunavyochukulia sisi wanaume mambo yanapotufaa.

Ilikuwa wakati wa kupalilia mpunga. Asubuhi moja, kama saa mbili, simu ya mke wangu ikaita. Mama yake ameumwa na nyoka kwenye jaruba, kifutu, juu ya kifundo cha mguu. Sikungoja amalize kunieleza. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na nilijua hakuna chombo kingine mkoani hapa cha kufika kule. Nikamwambia panda, na tukaondoka.

Nikwambie ukweli, njiani nilikuwa na hofu lakini pia nilikuwa na raha fulani ya kishenzi. Gari lilikuwa linakwenda. Tulipita trekta limezama, tukapita pikipiki zimelazwa pembeni, tukakata mbuga ile kama hakuna kitu. Nilifikiri moyoni kwamba leo wale waliocheka watajua. Kabla ya saa nne tulikuwa kwa wakwe. Baba mkwe alikwisha kufariki zamani, kwa hiyo msimamizi wa pale ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikimbia kutupokea akinishukuru kabla hata sijazima injini.

Wakamtoa mama. Wanawake wawili walimshika huku na huku, mguu umeshavimba na kubadilika rangi mpaka karibu na goti. Amejifunika kitenge kichwani kwa sababu yangu, hata katika maumivu yale. Mimi niligeuka nikatazama pembeni, kama inavyotakiwa. Lakini niliona alichoshika mkononi. Alikuwa ameshika mto. Mto wa kitambaa cha maua, umejaa vizuri, umeshonwa kwa mkono na pindo lake pande zote nne. Akapelekwa nyuma ya gari. Kisha nikasikia sauti yake, akimwambia binti yake na siyo mimi.

"Muulize baba watoto wako, siti niliyoambiwa iko wapi?"

Mke wangu hakuniuliza. Alinitazama tu.

Alikuwa hajawahi kumwambia. Miezi yote ile hakuthubutu kumwambia mama yake kwamba mume wake ameikata ile siti kwa ajili ya pamba.

Shemeji akasema basi akae mbele. Mama akakataa. Siti moja na mkwilima, bega kwa bega, kwa safari ndefu, kila shimo likiwarusha mmoja juu ya mwenzake? Alisema afadhali mguu uoze. Wanawake wakambembeleza, akajifunika uso wote akaanza kulia, si kwa nyoka, kwa aibu. Na mimi? Mimi ningeweza kusema neno. Ningeweza kusema mama, leo ni shida, tusameheane. Sikusema. Na nitakiri hapa jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu: alipokataa, sehemu fulani ya moyo wangu ilipumua. Na mimi pia nilikuwa naogopa kukaa naye.

Tukamlaza nyuma juu ya magunia, mke wangu akamkumbatia. Nikaondoka polepole kuliko nilivyowahi kuendesha. Kwenye korongo la kwanza tu, gari liliinama, wakateleza wote wawili kwenye lile bati lililolowa mpaka ukingoni. Mbavu za pembeni hazikuwepo. Nilikuwa nimezikata mimi. Walinusurika kwa sababu mke wangu alishika tairi la akiba nililolifunga nyuma ya siti ya mbele. Mama akapiga kelele washushwe, wakashuka.

Shemeji, aliyekuwa anatufuata kwa miguu na ambaye anaendesha trekta, akasema mimi nitembee, yeye ashike usukani mama akae naye mbele, kwa mwanawe hakuna tatizo. Wazo zuri. Akapanda, akatafuta namba moja, gari likaruka nyuma likazimika. Akajaribu tena. Nilikuwa nimesimama kwenye matope nikimwelekeza, vuta kwako, sukuma juu, hapana, siyo huko, na yeye jasho linamtoka, na gari langu tukufu linapiga chafya na kuzima kama mbuzi aliyekataa kamba. Mara ya nne akashuka.

Ukabaki mkokoteni wa ng'ombe wa pale nyumbani kwao. Mtu mmoja akasema tuufunge nyuma ya gari niuvute. Ungefungwa wapi? Ule mti wa mkokoteni unahitaji pete ya chuma ya kuushika imara, la sivyo kwenye kila mteremko unakuja kukupiga mgongoni. Nyuma sikuwa nimechomelea hata pete moja. Mbele nilikuwa na ndoano mbili, na bampa la mabomba matatu matatu. Mashine yangu ilikuwa Bariadi na pale hapakuwa na umeme. Kwa kazi ya dakika kumi, fundi mzima nilisimama mikono mitupu.

Wakafunga ng'ombe. Mama akapandishwa, akakalia mto wake, mke wangu akakaa nyuma yake akimwegemeza. Shemeji akawaongoza ng'ombe. Na mimi nikafuata na gari. Tafadhali nielewe vizuri. Gari la matairi marefu, difu mbili, springi za lori, linatambaa tupu kwa namba moja nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe wawili, kilomita baada ya kilomita, nikiwaangalia migongo. Watu mashambani walisimama na majembe yao kutazama. Sijui walifikiri nini. Niliwapungia mkono wakati fulani, sijui kwa nini, kama mtu aliye kwenye msafara wa harusi.

Tulifika Dutwa saa tisa. Pale tukapata teksi, wakaenda hospitali, mimi nikafuata. Daktari alifanya alichoweza. Alituambia, bila ukali wowote, kwamba mgonjwa wa namna hii akija mapema huwa ni habari nyingine. Mke wangu akauliza mapema ni saa ngapi. Daktari akasema hata saa sita mchana. Hapo mke wangu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayepokea vipimo vya nguo ya mteja.

Baada ya siku kadhaa waliukata mguu chini ya goti.

Watu walinifariji kwa namna iliyoniudhi kuliko matusi. Walisema ni ujinga wa wazee, mila zimepitwa na wakati, mama gani anachagua siti nyoka amemuuma. Mmoja alisema hivyo karakana kwangu, na nilimtoa nje nikiwa na nyundo mkononi. Yule mama hakubuni sheria siku ile. Aliishi nayo tangu nilipomwoa binti yake, na mimi nilikuwa naijua. Niliipima, nikaikatia chuma, nikaichomelea, halafu nikaikata mwenyewe kwa tamaa ya mabunda manne ya pamba na sifa za wapita njia. Kama kuna mjinga hapo, mtafute kwenye karakana, si kwenye jaruba.

Mke wangu hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alipika, alishona, alijibu nilipomuuliza. Ila chaki yake ya kukatia nguo aliihamisha. Zamani ilikuwa inakaa kwenye dirisha la karakana, sasa inakaa ndani, kwenye kopo.

Jumapili moja watu wakiwa kanisani nikawasha mashine. Nikalikata bampa. Nikayanyoosha mabomba yale yale, moja moja, kwa moto na nyundo, maana chuma kikishapindwa hakirudi kama kilivyokuwa, kinabaki na kumbukumbu. Nikajenga siti upya. Ukuta wa bati, mlango wa nyuma, ngazi nikaishusha zaidi. Mbavu za pembeni pia. Pete ya kuvutia nikaichomelea nyuma, nene kiasi cha kuvuta nyumba. Sikupaka rangi. Mke wangu alipotoka kanisani akaiona, akapita akaingia ndani.

Mama mkwe akawa anatakiwa kurudi kliniki kusafishwa kidonda. Mvua zilikuwa bado zinanyesha. Safari ya kwanza nilikwenda kwao nikaegesha gari mgongo wake ukielekea uani, nikakaa mbele nikitazama mashamba. Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Nikasikia magongo yakiwekwa kwenye bati, mke wangu akisema taratibu mama, shemeji akihema kwa kumwinua. Kisha mlango ukafungwa. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuwa karibu naye hivyo, kati yetu ni bati tu la unene wa kucha.

Nikasema mwangaluka, mayu, yaani mama. Akaitikia vizuri kabisa, kama siku zote. Akaniuliza habari za kazi, nikamwuliza habari za ng'ombe. Nikawasha gari.

Hatukuwa tumefika mbali nilipomsikia akimwambia binti yake amsogezee mto, auweke chini ya kile kipande cha mguu. Mke wangu akauweka. Matope yalikuwa yanapiga chini ya gari. Halafu mama akasema, kwa sauti ya kawaida, hata sijui kama alijua bati lile linapitisha maneno au alikuwa anataka lipitishe.

"Siti ni nzuri. Amepima vizuri. Hata miguu yote miwili ingeenea."

Mimi nilitafuta namba mbili, pale watu wanapodhani ni rivasi, nikaendelea kuendesha.